Safari ya Mbao (Sehemu ya Tano): Kabati lililopimwa kwa mashati

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona jinsi samani za Wadenishi zilivyovuka bahari na kuingia katika nyumba za Wamarekani baada ya Vita Kuu ya Pili, na tukatenganisha mtiki na walnati kwa rangi, kwa uzito na kwa harufu. Sitayarudia hayo. Wiki hii habari za ushuru zimenivuta kwenye makabati.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa makabati ya jikoni, makabati ya bafuni na makochi yanayoingia kutoka nchi nyingi. Kabati la droo la chumbani halikutajwa katika orodha hiyo, wala lile kabati refu la chini la sebuleni ambalo wauzaji wa huko huliita kredenza. Hata hivyo mnunuzi hasomi orodha, anasoma bei dukani. Ndiyo maana baadhi ya wasomaji wetu walioko Minneapolis na Columbus wanauliza kama si afadhali kutafuta kabati la zamani, la miaka ya 1950 au 1960, ambalo tayari limo nchini humo na halimhusu tena mtu wa forodha. Ni afadhali, tena sana. Tatizo ni kwamba karibu wote wanaoniuliza huanza na jina la mbunifu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kabati hilo lilipimwaje.

Basi turudi Copenhagen, mwaka 1924, Kaare Klint alipoanza kufundisha ubunifu wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Baba yake alikuwa msanifu majengo, na mtoto naye akawa mtu wa rula na penseli, asiyependa mbwembwe. Alitaka mwanafunzi asichore kabati kabla hajajua litabeba nini. Sahani zikapimwa, glasi zikapimwa, visu na uma vikapimwa, shuka na mashati yakakunjwa yakapimwa. Shati la mwanamume likikunjwa lina upana gani? Sahani zikipangwa moja juu ya nyingine zinafika wapi? Mkono unaingia wapi kuzichukua bila kugonga rafu ya juu? Majibu yakishapatikana, ndipo droo ilipopata kina chake na mlango ukapata upana wake. Umbo la nje lilifuata baadaye, na kwa sababu lilifuata hesabu, lilitoka limetulia.

Linganisha na desturi yetu. Mteja anafika kwa fundi, Keko jijini Dar es Salaam au kando ya Ngong Road jijini Nairobi, ameshika simu yenye picha, anasema nitengenezee kama hili. Fundi anauliza ukuta una urefu gani. Haulizi una sahani ngapi, na mteja mwenyewe hajui. Matokeo yake ni shokesi lenye vioo na taa, linalojaza nusu ya sebule, ndani yake kuna vikombe visivyonywewa chai tangu harusi, huku sahani za kila siku zimewekwa kwenye ndoo jikoni. Simlaumu fundi. Fundi hutengeneza anachoulizwa.

Aliyeichukua hesabu ya Klint akaipeleka kwa watu wa kawaida ni mwanafunzi wake, Børge Mogensen. Mwaka 1942, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Mogensen aliwekwa kuongoza ofisi ya ubunifu wa samani ya FDB. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na msomaji wa siku nyingi anajua. FDB haikuwa kampuni ya tajiri. Ilikuwa muungano wa vyama vya ushirika vya maduka. Wadenishi walikuwa na ushirika wa maziwa kwa ajili ya mkulima na ushirika wa duka kwa ajili ya mlaji, na kupitia huo wa pili wakafika hadi kwenye droo ya soksi. Familia za wafanyakazi ziliishi katika nyumba ndogo zilizokuwa zikijazwa samani nzito za kuiga zile za mabwana wakubwa. Mogensen alitengeneza vitu vyepesi, vya mbao za kienyeji kama mwaloni, kwa bei ambayo mshahara wa kiwandani ungeimudu. Alikaa hapo hadi mwaka 1950. Baadaye, akiwa na msanifu Grethe Meyer, akairudia kazi ya kuhesabu kwa ukali zaidi: kaya ya kawaida ina mashati mangapi, ina vijiko vingapi, na kila kimoja kinadai sentimita ngapi. Makabati yao ya kujengea ukutani ya miaka ya 1950 yalitokana na orodha hiyo.

Sisi tulikuwa na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, tangu mwaka 1933, tukauza kahawa ya Kilimanjaro kwa pamoja na kwa heshima. Nimeshaandika mara nyingi, na nitaandika tena, kwamba ushirika unaoishia kwenye zao la kuuza umefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumuuliza mwanachama nyumbani kwake analalia nini, anakalia nini, anahifadhi wapi nguo za watoto. Leo kabati la mtiki la Arne Vodder, lililotengenezwa kwa kiwanda cha Sibast, lile lenye milango ya kuteleza inayoweza kugeuzwa ionyeshe upande wa rangi, linauzwa kwa maelfu ya dola kwa watu wasiojua kwamba samani za Denmark zilipita pia katika duka la ushirika.

Kuna chumba kimoja ambacho siwezi kukipita. Finn Juhl hakuwa mfuasi wa Klint. Alikuwa msanifu majengo aliyependa mbao zilizochongwa kama viungo vya mwili, na wazee wa shule ya vipimo walimtazama kwa jicho la pembeni. Denmark ilipoupa Umoja wa Mataifa zawadi ya kupamba Ukumbi wa Baraza la Udhamini mjini New York, kazi alipewa yeye, na ukumbi ukafunguliwa mwaka 1952. Kuta zilivikwa fito za mti wa eshi. Ikaongezwa sanamu ya Henrik Starcke, mwanamke aliyeinua mikono akimwachia ndege aruke, iliyochongwa kwa mtiki. Tarehe 7 Machi 1955 mbele ya baraza hilo alisimama mwalimu wa Pugu mwenye umri wa miaka 32, rais wa TANU, chama ambacho hakijatimiza hata mwaka, nauli yake imechangwa na wanachama. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1954 ulikuwa umesema nchi ingeweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25. Wakoloni waliona hiyo ni haraka mno. Mwalimu Nyerere alieleza kwa utulivu kwamba nchi ile ni ya Waafrika kwanza, na kwamba wao hawaharakishi kwa fujo bali wanadai kauli iliyo wazi. Haikufika hata miaka saba, bendera ikapanda. Wengine wakisoma habari za siku ile humtazama Mwalimu peke yake, na ni haki yao. Mimi hutazama na kuta. Ukumbi huo ulikarabatiwa ukafunguliwa upya mwaka 2013, kwa mchango wa Wadenishi walewale, na fito zake zingali pale kwa yeyote atakayefanya ziara.

Sasa mtiki wenyewe. Mtiki hauoti Denmark. Ulifika kwa meli, kutoka Siam (leo Thailand) na Burma (leo Myanmar), na biashara hiyo Wadenishi walikuwa nayo zamani: Kampuni ya Asia Mashariki, iliyoanzishwa na H. N. Andersen mwaka 1897, ilikuwa na vibali vya kukata magogo kaskazini mwa Siam. Kwa hiyo wabunifu wa miaka ya 1950 walipopenda rangi ile ya asali, njia ya meli ilikuwapo tayari. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu misitu ilihesabiwa kama haina mwisho. Ilikuwa nao. Thailand ilipiga marufuku ukataji wa miti ya asili mwaka 1989, baada ya mafuriko na maporomoko ya mwaka uliotangulia kuua watu wengi kusini mwa nchi. Myanmar ilizuia usafirishaji wa magogo mwaka 2014. Rozuwudi ya Brazili, iliyopamba makabati ya ghali zaidi ya enzi ile, iliwekwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi la CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 1992, na hadi leo kabati la mbao hiyo halivuki mpaka kihalali bila hati. Ukoo huo wa miti ni ule ule wa mpingo wetu, na tangu Januari 2017 ukoo mzima umo chini ya uangalizi wa mkataba huo. Mnunuzi anayetaka kulisafirisha kabati la rozuwudi kutoka Chicago hadi Dar es Salaam aulize hati kwanza, asifuate ahadi ya muuzaji.

Nasi tuna mtiki. Mashamba ya serikali ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro, yanajulikana kwa kila mfanyabiashara wa mbao, na mti wenyewe uliletwa enzi za Wajerumani. Sehemu kubwa ya miti hiyo huishia India. Halafu tunaagiza makabati ya chipbodi yaliyofungwa kwenye maboksi, yanayovimba mvua ya kwanza ya masika. Nikiendelea hapa mhariri atanikatiza, kwa hiyo naingia dukani.

Ukikuta kabati la zamani, vuta droo moja uitoe nje kabisa. Tazama kona. Meno ya ubao wa mbele na ya ubao wa pembeni yanapaswa kufumbatana bila msumari. Ukiona pini za chuma na gundi iliyomwagika, kuna mtu amelirekebisha au halikuwa la daraja hilo. Sakafu ya droo iwe imeingia kwenye mfereji. Rudisha droo, isukume kwa kidole kimoja. Kisha nenda nyuma, kwa maana nyuma ndiko muuzaji hakupaka rangi: ndiko kulikopigwa mhuri wa nchi na wa kiwanda, na kwa makabati ya Denmark tafuta alama ya duara ya umoja wa watengenezaji samani wa nchi hiyo. Lane, kiwanda cha Altavista, Virginia, kilipiga namba ambazo ukizisoma kinyumenyume hukupa tarehe: 262140 inageuka 041262, yaani mwezi wa nne, tarehe 12, mwaka 1962. Muuzaji akikuambia ni la mwaka 1955, mwonyeshe namba, mpunguzie maneno.

Usinune ukiambiwa kabati limefunikwa kwa vinia. Karibu makabati yote mazuri ya enzi ile yana vinia juu ya ubao wa kuunganishwa, na mtiki mzima umewekwa kwenye kingo na miguu. Ubao mpana wa mti mzima ungepinda katika nyumba zinazopashwa joto wakati wa baridi, vinia hukaa. Hatari yake ni moja tu: ni nyembamba, mara nyingi haifiki milimita moja, na mtu mwenye mashine ya msasa anaimaliza kwa dakika chache. Kagua kingo za juu chini ya mwanga wa pembeni. Palipobadilika rangi ghafla, msasa umepita. Doa la glasi linaweza kutibiwa kwa mafuta na subira. Vinia iliyokwisha haitibiki, na atakayekuambia ipakwe vanishi nzito ili kuficha, mkimbie. Matundu madogo yenye unga mpya chini yake ni ya bungua; liache hapohapo. Harufu ya moshi wa sigara katika droo hupungua kwa jua na siku kadhaa za hewa, harufu ya ukungu ni kazi ngumu zaidi.

Kuhusu majina, sitakuwa na mengi. Ya Lane, ya Drexel na ya viwanda vingine vya Virginia na North Carolina yalitengenezwa kwa wingi, yana walnati nzuri, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya kabati jipya la chipbodi. Ya George Nelson kwa Herman Miller au ya Florence Knoll hulipiwa jina kabla ya mbao. Kama fedha zako zina mipaka, chukua kundi la kwanza. Chukua na shati lako mojawapo, lililokunjwa, uliingize kwenye droo kabla hujalipa. Watakucheka dukani.

Mwenye watoto wadogo afanye jambo moja zaidi. Sheria ya Marekani iliyosainiwa Desemba 2022, na viwango vyake kuanza kutumika Septemba 2023, inawataka watengenezaji wa makabati mapya ya nguo wahakikishe hayamwangukii mtoto anapopanda droo zilizovutwa. Kabati la mwaka 1962 halikuyajua hayo, na miguu yake myembamba haisaidii. Lifunge ukutani kwa mkanda na skrubu inayoshika mhimili wa mbao ulio nyuma ya ukuta, maana bodi ya jasi peke yake haitashika kitu. Televisheni iwekwe kwenye kabati refu la chini, kamwe isiwe juu ya lile la droo. Na kabla ya kukodi gari, pima kona ya ngazi: kabati la Denmark la milango mitatu au minne hukaribia mita mbili, na miguu ya mengi yao hufunguliwa kwa bisibisi, jambo ambalo wabebaji huligundua wakishakwangua ukuta.