Mtoto Anayezidiwa na Kelele: Tumtulizeje?

Swali hili tunalisikia mara nyingi kliniki na hata katika Shule ya Jumapili: "Mwanangu ana nini? Kila tukienda harusini analia mpaka tuondoke." Wenzake wanacheza mbele ya vipaza sauti, yeye ameziba masikio. Mwingine hakubali kuvaa sweta la shule kwa kuwa linamwasha. Mwingine, chumba kikijaa watu, hukimbia huku na huku na kupiga wenzake. Ndugu husema amedekezwa. Wengine hushika fimbo, na wapo wasemao kuwa ana pepo. Kabla ya kufika huko, tuuangalie kwanza mwili wake.

KWA NINI ANAZIDIWA?

Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi hupeleka habari kwenye ubongo kila wakati. Misuli na viungo navyo hueleza jinsi mwili ulivyokaa, na sehemu ya ndani ya sikio hueleza kama tunasogea au tumetulia. Kazi ya ubongo ni kuchagua lipi lisikilizwe na lipi liachwe. Kwa watoto wengine kuchagua huko ni kugumu, na kila kitu huingia kwa nguvu moja. Mmarekani A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi, aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1972, na wengine wameiendeleza kazi yake.

Mtoto aliyezidiwa hawezi kupokea mafundisho saa ile. Kumpiga au kumfokea ni kumwongezea maumivu na kelele juu ya mzigo alio nao.

SHUGHULI ZA KUTULIZA

Kwa kawaida mguso wenye uzito na mwendo wa polepole hutuliza. Mguso mwepesi wa ghafla hushtua, na kuzungushwa kwa kasi humchangamsha mtoto zaidi. Hakuna haja ya kununua vifaa vya bei:

1. Kazi za nguvu. Akande unga wa chapati, asukume ukuta kwa viganja, au abebe kidumu kidogo cha maji anachokimudu. Misuli ikifanya kazi, mwili hutulia.

2. Kuviringishwa katika kanga. Mviringishe kuanzia mabegani hadi miguuni, uso ukiwa wazi, kisha mkumbatie kwa nguvu ya kiasi. Akitaka kutoka, mfungue mara moja.

3. Kubembezwa. Mpakate na kuyumba naye polepole, mbele na nyuma, huku ukiimba kwa sauti ya chini.

4. Maji na mchanga. Beseni lenye maji kidogo na kikombe cha kumiminia humshughulisha kwa muda mrefu. Mchanga mkavu nao unafaa.

5. Kupuliza. Mpe bua la jani la papai na maji ya sabuni apulize mapovu. Pumzi ndefu za kutoa nje hupunguza mapigo ya moyo.

Si kila shughuli humfaa kila mtoto. Asiyependa kushika unga asilazimishwe, jaribu nyingine.

USINGOJE ALIE

Shughuli hizi hufaa zaidi zikifanywa mapema. Siku ya harusi, mpe kazi ya nguvu kabla ya kutoka nyumbani. Kaeni mbali na vipaza sauti, karibu na mlango, na mpatane ishara atakayokupa akichoka. Akishazidiwa, mpeleke mahali penye utulivu, punguza maneno, kaa karibu naye. Asipotaka kushikwa, usimshike. Mazungumzo juu ya tabia yangoje mpaka atulie.

TAHADHARI

Usimwache mtoto mdogo peke yake penye maji, hata yakiwa kidogo. Beseni linaweza kumzamisha. Maharage, kunde na shanga huingia puani na masikioni au humkaba, basi asipewe aliye chini ya miaka mitatu, na mkubwa wake aangaliwe. Usimfunike mtoto mchanga kwa kitu kizito.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Mpeleke kama amechelewa kusema, haitiki jina lake, ameacha kufanya aliyokwisha kuyaweza, anajiumiza, au anakodoa macho kwa ghafla bila kusikia. Masikio yanayouma, usonji na kifafa huweza kujificha nyuma ya "utundu". Uliza pia kama kuna mtaalamu wa tiba kazi katika hospitali ya mkoa.

Nasi tunaofundisha Shule ya Jumapili tunaweza kuanza na jambo dogo: mkeka mmoja katika kona tulivu ya darasa, ambako mtoto aliyechoka na kelele anaruhusiwa kukaa bila kuchekwa wala kuulizwa, na kurudi kwa wenzake akiwa tayari.