Saa Nane za Usiku Mlimani Meru

Ndugu msomaji, iwapo umepata kupita Arusha, bila shaka umeuona Mlima Meru ukiuinamia mji. Pengine hukuwaza kwamba mlima huo mtulivu ni volkano iliyotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, wala kwamba kilele chake, chenye mita zipatazo 4,560, huitwa Kilele cha Ujamaa. Watu hukimbilia Kilimanjaro, na Meru huufanya mahali pa kujizoezea tu. Si haki hata kidogo.

Usishangae ukiamshwa saa nane za usiku katika kibanda cha Saddle, mita 3,570 juu ya usawa wa bahari, ukanywe chai na kuanza kupanda. Haja si kuliwahi jua peke yake. Asubuhi ikipevuka, aghalabu mawingu huufunika mlima. Na changarawe za majivu, ambazo baridi ya usiku huzigandisha, hulegea na kuteleza chini ya viatu.

Lakini giza lina hila yake, nayo ni kuficha nyuso. Katika msafara wetu alikuwamo kijana mmoja, hodari wa kandanda, ambaye siku ya kwanza alitutangulia kila mahali. Tulipopita Rhino Point, askari wa hifadhi, aliyefuatana nasi na bunduki kwa ajili ya nyati, alisimama akamwuliza:

"Kijana, kichwa hakikuumi?"

"Hakiniumi, afande."

Tukaendelea. Kushoto kwetu ukuta wa shimo la volkano uliporomoka mamia ya mita, nasi hatukuona ila mwanga wa kurunzi zetu.

Fahamu, msomaji, kwamba karibu na kilele kila pumzi huupa mwili oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Misuli haisaidii kitu. Yamkini mwenye nguvu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa hupanda upesi mno asiupe mwili nafasi ya kuzoea. Kichwa huuma, tumbo huchafuka. Na mtu akianza kuyumba, ubongo umekwisha kuvimba, wala hakuna dawa ipitayo kuteremka mara moja.

Kijana wetu alijikwaa mara mbili. Askari akamwuliza tena, kisha akamtaka atembee mstari ulionyoka. Aliyumba kama mlevi. Hapo ndipo alipokiri kwamba kichwa kilikuwa kikimwuma tangu chakula cha jioni, na kwamba alikuwa ametapika kwa siri nyuma ya kibanda. Alilia, maana alikuwa amemwahidi mama yake picha ya kileleni. Msaidizi wa kiongozi alimshika mkono wakateremka papo hapo.

Sisi tulifika kulipokuwa kukipambazuka. Upande wa mashariki Kilimanjaro ilisimama juu ya mawingu, na chini yetu kile kilima cha majivu ndani ya shimo kilikuwa bado gizani. Ni uzuri nisioweza kuueleza. Hata hivyo tulijihesabu, na mmoja hakuwapo.

Saa nne tulimkuta Saddle ameketi juani na kikombe cha chai, macho maangavu. Alitupokea mizigo, akauliza kama Kilimanjaro ilionekana vizuri. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba laiti afande asingaliuliza mara ya pili, yeye asingalisema.