Basi la Shule Linalouza Umeme



Katika somo la vyombo vya usafiri, mtoto mmoja aliniuliza kama basi la shule la umeme linaweza kuishiwa chaji njiani. Linaweza, kama gari lolote linavyoweza kuishiwa mafuta. Lakini mengi ya mabasi hayo hapa Marekani hutembea maili 100 au zaidi kwa chaji moja, na safari nyingi za kupeleka watoto shule na kuwarudisha hazifiki huko. Kwa hiyo jioni huwa kuna umeme uliobaki kwenye betri, na umeme huo una kazi.

Wazazi waliokulia Dar es Salaam wanaelewa jambo hili kwa upande wa maji. Bomba linatoa maji usiku wa manane, unaamka, unajaza simtanki na madumu yote. Mchana bomba likikauka unatumia ya kwako, na jirani anakuja kununua ndoo mbili tatu. Basi la umeme ni simtanki lenye magurudumu. Usiku watu wamelala, umeme unatumika kidogo, basi linajazwa. Kuanzia saa kumi na moja jioni (saa ya Kiswahili, watoto, msichanganye) kila nyumba imewasha jiko, taa na kiyoyozi, na gridi inaelemewa. Hapo basi lililoegeshwa linarudisha umeme kwenye gridi, na kampuni ya umeme inalipa.

Chaja ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Betri hutunza umeme wa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, lakini umeme wa nyumbani ni mkondo geu, unaobadilisha upande mara nyingi kila sekunde. Inahitajika chaja ya njia mbili, inayogeuza umeme wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kompyuta ndiyo inayopanga saa, ili asubuhi dereva akute betri imejaa.

Kwa nini basi la shule na si gari la mama? Kwanza betri yake ni kubwa, mara nyingi yuniti 150 hadi 220. Ni yuniti zilezile mnazosikia bibi akinunua za LUKU. Nyumba ya kawaida hapa Marekani hutumia kama yuniti 30 kwa siku. Pili, basi la shule lina ratiba inayojulikana: asubuhi, alasiri, basi. Na kiangazi, viyoyozi vinapovuma nchi nzima, shule zimefungwa na mabasi yamelala uani.

Si ndoto. Mji wa Beverly, Massachusetts, kiangazi cha 2021 basi moja tu lilirudisha kwenye gridi karibu yuniti 3,000. Mwaka 2024 Oakland, California, ilianza kutumia mabasi 74 ya shule, yote ya umeme na yote yenye chaja za njia mbili.

Mimi ni nesi, kwa hiyo kinachonigusa zaidi ni mapafu. Moshi wa dizeli una chembe ndogo mno zinazoingia ndani kabisa ya kifua, na mtoto mwenye pumu ndiye anayeumia wa kwanza. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi huo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Tazameni basi la zamani linavyosimama likinguruma huku watoto wamepanga foleni nyuma yake.

Tatizo ni bei. Basi la umeme linaweza kugharimu mara tatu ya lile la dizeli. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka 5 kusaidia shule kubadilisha mabasi, lakini hazitoshi, kwani nchi hii ina karibu mabasi nusu milioni. Baridi kali pia hupunguza umbali. Na kama umeme wenyewe unatoka kwenye makaa ya mawe, moshi umehamia kwa watu wengine.

Wazazi wenzangu, najua wengi wetu tuko zamu za usiku na hatuendi mikutano ya bodi ya shule. Hata hivyo bodi ndiyo inayoamua mabasi gani yanunuliwe. Mkienda, ulizeni maswali mawili: chaja zitakuwa za njia mbili? Na pesa za umeme unaouzwa zitaingia shuleni au kwa kampuni ya mabasi?

Watoto, kazi ya Jumamosi ijayo. Basi lina yuniti 200. Safari ya asubuhi inakula 40, ya alasiri 40. Ni lazima libaki na asilimia 20 ya betri yote. Linaweza kuuza yuniti ngapi jioni hiyo? Kama kila nyumba inahitaji yuniti 5, zitapata nyumba ngapi? Andikeni jibu kwa Kiswahili, sentensi tatu, na namba kwa maneno.