Jina la Ukoo Barwani: Asili Yake, Mtawanyiko Wake, na Uhaba Wake Uvira

1. Utangulizi

Mchunguzi wa majina hujifunza kutokana na mahali jina linapopatikana, na hujifunza vilevile kutokana na mahali lilipotarajiwa lakini halionekani. Makala haya yanahusu jina moja la ukoo, Barwani. Jina hili lina wenyewe Oman, Unguja na Lindi. Katika karne ya 19 lilikuwa pia jina la mmoja wa watu walioogopwa sana katika Ziwa Tanganyika, yaani Muhammad bin Khalfan bin Khamis Al-Barwani, ambaye vitabu vya historia humtaja zaidi kwa lakabu yake, Rumaliza.

Kutoka Ujiji, watu wa Rumaliza waliendesha biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, Uvira ikiwemo. Pamoja na hayo, msomaji wa Uvira hulikuta jina Barwani kitabuni kuliko kwa jirani yake. Kinyume chake, majina kama Ramazani, Amisi, Asumani, Salumu na Feruzi yanasikika kila siku kutoka Kalundu hadi Kavimvira. Majina haya yote yalipita njia moja, katika misafara ile ile. Kwa nini basi baadhi yake yalivuka ziwa na kukaa, na jina la bwana wa misafara halikukaa?

Tutajaribu kuonyesha kwamba jibu limo katika kanuni za kurithisha majina, na kwamba wingi au uchache wa wazawa wa mtu hautoshi kulieleza jambo hili. Suala hili lina uzito nje ya darasa la isimu pia, kwa kuwa katika nchi yetu jina la mtu aghalabu husomwa kana kwamba ni cheti cha asili yake.

2. Muundo wa jina na asili yake

Kwa muundo, Al-Barwani ni nisba, yaani jina la Kiarabu linalomhusisha mtu na ukoo, mahali au kazi. Nisba huundwa kwa kiishio -i: kutokana na Oman hupatikana Omani, na kutokana na Barwan hupatikana Barwani. Watu wa ukoo huo kwa wingi huitwa kwa Kiarabu Al-Barawina. Katika Kiswahili kitambulishi Al- mara nyingi huachwa, na jina likabaki Barwani peke yake.

Hapana budi kuonya juu ya kosa moja linaloweza kutokea. Kwa kuwa sauti zake zinakaribiana, jina hili linaweza kudhaniwa kuwa limetokana na mji wa Barawa, ulioko pwani ya Somalia. Muundo wa maneno hauruhusu dhana hiyo. Nisba ya Barawa ni Al-Barawi, kama katika jina la Sheikh Uways Al-Barawi (1847–1909), mwalimu maarufu wa tarika ya Kadiria. Sauti n iliyomo katika Barwani haina asili katika jina la mji huo.

Wabarwani wa Afrika ya Mashariki wanajulikana katika historia kama jamaa ya Waharthi, kabila kubwa lenye makao yake katika Sharqiya, eneo la mashariki ya Oman. Waharthi walikuwa na nguvu Unguja tangu kabla Seyyid Said bin Sultan hajahamishia makao yake huko katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kutoka Unguja, Wabarwani walifuata njia za biashara kuelekea pwani ya kusini, na hasa Lindi. Ndiko alikozaliwa Muhammad bin Khalfan.

3. Lakabu iliyotoka bara

Jina Rumaliza lina habari nyingine kabisa. Shina lake ni kitenzi -maliza, na lakabu hii kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni mtu amalizaye kila kitu na asiyebakiza. Mzungumzaji wa Kiswahili cha pwani angetazamia umbo lenye kiambishi cha ngeli ya watu, kwa mfano Mmalizaji. Badala yake tunapata ru-, kiambishi cha ngeli ya 11, ambacho hakitumiki pwani kuundia majina ya watu.

Katika lugha za Maziwa Makuu, lakini, jambo hili ni la kawaida. Katika Kirundi na Kinyarwanda kiambishi ru- huunda majina ya sifa, ya ukubwa na ya kutisha. Mfano unaojulikana ni Rudahigwa, jina la mfalme Mutara wa Tatu wa Rwanda (1931–1959), lenye maana ya asiyeshindika. Kwa hiyo Rumaliza ni neno lililovaa sarufi ya bara. Mtu alikuja na nisba kutoka pwani. Watu wa bara wakamwita kwa jina linalosema aliyowatendea. Waandishi wa Kibelgiji waliliandika Roumaliza, kwa kuwa katika Kifaransa sauti u huandikwa kwa herufi ou; mchunguzi anayetafuta habari zake katika hati za wakati huo ni vema alikumbuke umbo hilo.

Mambo ya maisha yake tunayataja kwa kifupi. Katika miaka ya 1880 alikuwa mshirika wa Hamed bin Muhammad Al-Murjebi, yaani Tippu Tip, na akawa na mamlaka Ujiji na pande nyingi za ziwa. Alijaribu kuingia Burundi, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Katika vita vya 1892–1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa pwani, alipigana na majeshi ya Francis Dhanis, na mwanzoni mwa 1894 ngome zake katika sehemu za Kabambare zikaanguka. Yeye mwenyewe aliokoka, akarudi upande wa mashariki wa ziwa na hatimaye pwani. Mamlaka yake upande wa Kongo yalikoma hapo.

4. Mtawanyiko wa jina katika zama zetu

Tukilifuata jina Barwani tangu wakati huo hadi leo, tunaona kwamba limeshika njia ya bahari. Kituo cha kwanza ni Unguja. Huko alitokea Ali Muhsin Al-Barwani (1919–2006), kiongozi wa chama cha Hizbu na waziri wa mambo ya nje katika serikali iliyopinduliwa Januari 1964. Baada ya mapinduzi alifungwa kwa miaka kumi hivi katika magereza ya Tanzania Bara, kisha akaishi nje ya nchi mpaka alipofariki Oman. Wasomaji wa taarifa hii wanamjua pia kama mfasiri wa Kurani katika Kiswahili, kazi iliyotolewa mwaka 1995.

Kituo cha pili ni Lindi. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwani kuwa mbunge wao, naye akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na jimbo kuingia Bunge la Tanzania. Hatudai udugu wowote baina yake na Rumaliza. Tunachoonyesha ni kwamba zaidi ya miaka mia moja baada ya vita vya Kongo, jina lingali hai katika mji ule ule.

Kituo cha tatu ni Oman yenyewe. Mapinduzi ya 1964 yaliwatawanya watu wengi wenye asili ya Oman, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wengi wao walikaribishwa kurudi katika nchi ya mababu. Walirudi wakiwa wasemaji wa Kiswahili. Kwa sababu hiyo jina Barwani linasikika leo Muscat katika nyumba ambamo Kiswahili kinazungumzwa, na limefika pia Ulaya pamoja na wahamiaji.

5. Sababu ya nisba kutovuka ziwa

Hebu tulinganishe kanuni mbili. Kwa Waarabu wa Oman na pwani, jina kamili lina sehemu tatu: jina la mtu mwenyewe, majina ya baba na babu, kisha nisba. Sehemu mbili za kwanza hubadilika kila kizazi; nisba haibadiliki. Mtoto hurithi nisba ya baba hata kama mama yake alikuwa suria kutoka bara, kwa kuwa sheria ya Kiislamu humhesabu mtoto huyo kuwa huru na halali. Lakini nisba huendelea pale tu penye jamaa wanaoitunza: wazee wanaojua nasaba, kadhi anayeigawa mirathi, ndoa zinazofungwa kwa kuulizana ukoo.

Kwenye mwambao wa kaskazini wa Tanganyika kanuni ilikuwa nyingine. Mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa kufuata siku au mazingira ya kuzaliwa, mtu anayekumbukwa, au nafasi yake katika uzazi. Katika Kirundi, kwa mfano, pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, jina la baba yao liwe lolote. Jina la namna hii halikukusudiwa kupita kutoka baba hadi mwana. Ukoo ulikuwapo na ulijulikana, lakini haukutamkwa ndani ya jina la mtu.

Kanuni hizi mbili zilipokutana, zilichuja majina ya pwani. Majina ya watu binafsi, kama Salumu au Ramazani, yalipita kwa urahisi, kwa sababu yalifanana kazi na majina ya wenyeji: mtoto aliyezaliwa mwezi wa Ramadhani aliweza kuitwa Ramazani vile vile angaliitwa kwa jina la mvua au la njaa. Nisba haikuwa na nafasi ya kushika. Tuseme kwamba mtu aitwaye Asumani, mwana wa Salumu Barwani, amezaa huku na kumwita mwanawe Ramazani. Mwandishi wa serikali akiandika majina mawili tu, yaani la mtoto na la baba, atapata Ramazani Asumani. Kwa kizazi kimoja Barwani limetoweka katika karatasi, ilhali damu haikutoweka.

Majina yaliyovuka yalibadilishwa na matamshi ya hapa. Sauti h ilidondoka, Hamisi likawa Amisi na Hasani likawa Assani. Herufi s mbili ni za Kifaransa, ambamo s moja kati ya irabu husomwa z.

Tena si waungwana peke yao walioyaleta. Feruzi na Mabruki ni miongoni mwa majina waliyopewa watumwa pwani, na watu wenye majina hayo waliingia bara wakiwa wapagazi na askari. Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, katika watumishi wao alikuwamo mtu aitwaye Mabruki. Kwa hiyo jina la pwani huenda lilitoka kwa bwana, kwa mtumwa wake, kwa rafiki, au kwa jirani aliyependa sauti yake.

6. Jina kama ushahidi

Serikali nayo ilitia mkono. Mwaka 1972 siasa ya uhalisi ya Mobutu iliwalazimisha wananchi kuacha majina ya ubatizo, na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ikaagiza kwamba majina yachukuliwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Majina kama Ramazani na Amisi yaliendelea kutumika bila shida, maana yalikwisha kuwa ya hapa. Wala hayafungamani tena na dini: mgombea urais wa mwaka 2018 kutoka Maniema, Emmanuel Ramazani Shadary, ana jina la Kikristo na jina la mwezi wa mfungo wa Waislamu, na hakuna Mkongomani anayeshangaa.

Hapa ndipo lilipo fundisho. Katika eneo letu, ambalo sheria za uraia za 1972, 1981 na 2004 ziligusa maisha ya watu wengi, na ambalo vita vilivyoanza mwaka 1996 vilipitia, swali la jina si la mchezo. Msomaji wa orodha huona jina na papo hapo huamua: huyu ni Mwarabu, huyu Mrundi, huyu wa hapa, huyu wa kule. Mfano wa Barwani unaonyesha udhaifu wa hukumu hiyo kwa pande zote mbili. Mwenye jina la pwani huenda hana babu hata mmoja wa pwani. Na asiye nalo huenda anaye. Hata nisba iliyotunzwa vizuri hufuata mstari mmoja tu: ukirudi nyuma vizazi vitano, kila mtu ana wazee 32, na nisba humtaja mmoja kati yao.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Barwani ni nisba ya Oman iliyofika Lindi na Ziwa Tanganyika kwa njia ya biashara, ikabaki pale palipokuwa na desturi ya kuitunza, na ikafifia pale ambapo kila mtoto hupewa jina lake. Lakabu Rumaliza, iliyoundwa kwa sarufi ya Maziwa Makuu, ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu za bara. Majina ya watu wa kawaida yalikaa na kuzaa mengine.

Kwa wanafunzi wetu tungependekeza kwamba, wanapokusanya majina katika mitaa ya Uvira, waulize kila mara maswali mawili: jina hili lilitolewa na nani, na kwa kanuni gani linarithiwa? Kabla ya maswali hayo kujibiwa, jina linaweza kutueleza njia ambayo neno limesafiri, lakini haliwezi kutueleza mtu ni nani wala kwao ni wapi.