Rimoti mbovu iliyokwenda kulinda ghala Kitale

Fundi aliinamisha katoni, rimoti zikamwagika mezani kama magunzi. Nyingine hazikuwa na vitufe, nyingine zilifungwa kwa mpira wa baiskeli, na moja ilikuwa na alama za meno ya mbwa. "Chagua unayotaka, mzee," akaniambia. "Zote zimekufa, lakini jicho la rimoti halifi haraka."

Kibanda chake kiko Bungoma mjini, na katoni kama ile hazikosekani kwa fundi yeyote wa runinga. Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015, kila mwenye runinga ya zamani alilazimika kununua king'amuzi, na king'amuzi kikaja na rimoti yake. Nyumba iliyokuwa na rimoti moja ikawa na mbili, na kila moja ilipoharibika iliishia kibandani.

Tulikuwa tukitafuta kile kitaa cheusi au cha rangi ya maji kilicho kwenye ncha ya rimoti. Mpwa wangu wa kidato cha nne alikuwa na mradi. Alitaka kutengeneza kihisi kitakachokaa ndani ya ghala la mama yake nje ya Kitale, kipime unyevu wa hewa katikati ya magunia, kisha kirushe habari hadi jikoni, mita nane hivi, bila waya wala laini ya simu. "Mjomba, tukipata hiki na transista, kazi imeisha," alisema. Laiti angejua.

Anayeijua Trans Nzoia haulizi kwa nini mtoto wa shule ahangaike na unyevu. Kitale ndiko makao makuu ya Kenya Seed Company, iliyoanza mwaka 1956, na mahindi ndiyo karo, ndiyo mahari, ndiyo bima ya matibabu. Lakini mavuno ya Oktoba na Novemba mara nyingi hukutana na mvua. Mahindi yanayowekwa ghalani hushauriwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi, kuvu huota, na kuvu wengine huacha sumu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui.

Dada yangu ana kipimo chake. Huweka konzi ya mahindi kwenye chupa kavu, akatia chumvi kavu, akatikisa, kisha akasubiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Kipimo hicho ni kizuri, ila hakimwamshi mtu usiku.

Kwa nini mwanga, si redio? Ghala lile ni mabati juu hadi chini, na mabati huyatatiza mawimbi ya redio. Lakini lina kidirisha kinachotazamana na jiko, na hapo ndipo infraredi inapopita. Huu ni mwanga alioufichua William Herschel mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya upinde uliotokana na mche wa kioo, kikapanda joto mahali ambapo jicho halikuona kitu. Rimoti ya runinga hutumia mwanga huo huo.

Saketi yetu ya kurushia ilikuwa na vitu tisa tu. Moyo wake ni chipu ya 555, iliyobuniwa na Mswisi Hans Camenzind na kuingia sokoni mwaka 1972, na hadi leo mafundi hawajaichoka. Kazi yake hapa ni kuwasha na kuzima mara 38,000 kwa sekunde. Kasi hiyo huamuliwa na rezista ya ohmu 1,000, nyingine ya 15,000, ya tatu ya kuzungusha yenye 5,000, na kapasita ya nanofaradi 1. Chipu yenyewe haina nguvu ya kutosha kuiendesha taa vizuri, kwa hiyo inaisukuma transista ya 2N2222 kupitia rezista nyingine ya ohmu 1,000, na transista ndiyo inayoivuta taa. Rezista ya ohmu 47 huzuia mkondo usipite miliampea 100.

Betri ya simu kuukuu ya volti 3.7 ilitudanganya kwa jioni nzima, kwani 555 ya kawaida hutaka angalau volti 4.5. Tukahamia betri ya volti 6 iliyotoka kwenye taa ya sola.

Tulipoitazama taa kupitia kamera ya mbele ya simu, iliwaka zambarau hafifu. Kijana akaruka. Tukageukia kipokezi, kidude cha miguu mitatu tulichokikopoa kwenye king'amuzi kilichoungua. Kikajibu mara moja, kikanyamaza. Tukazima, tukawasha. Kikajibu, kikanyamaza tena.

Tuliilaumu taa, tukabadilisha. Tukailaumu risasi, tukaunga upya kila kiungo. Nikazungusha ile rezista ndogo kushoto na kulia mpaka bisibisi ikapata joto mkononi. Tulimrudia fundi, naye hata hakuishika saketi. Aliuliza swali moja: "Inapumzika saa ngapi?"

Hapo ndipo siri ilipokuwa. Kipokezi cha rimoti kimetengenezwa kuishi katikati ya kelele. Jua lina infraredi, jiko la makaa lina infraredi, taa za kuokoa umeme nazo hutoa mwanga unaotetemeka. Ili kisichanganyikiwe, huchuja kila kitu isipokuwa mtetemo wa 38,000. Na hata mtetemo huo ukija mfululizo bila kukatika, kipokezi huuhesabu kuwa kelele na kupunguza usikivu wake. Sisi tulikuwa kama mgeni anayepiga hodi bila kunyamaza. Mwenye nyumba asingepata hata nafasi ya kusema karibu.

Ukiitazama lugha ya rimoti utaona kwamba ukimya ndio unaobeba habari. Katika kanuni ya NEC ya Japani, ambayo rimoti nyingi huifuata, ujumbe huanza kwa mwanga wa milisekunde 9, kisha kimya cha 4.5. Baada ya hapo kila herufi ya sifuri au moja huanza na mpigo ule ule, mitetemo kama 21 hivi. Kinachozitofautisha ni kimya kinachofuata. Kikiwa milisekunde 0.56, ni sifuri. Kikiwa 1.69, ni moja. Kisha anwani na amri hurudiwa kinyumenyume, sifuri ikawa moja na moja ikawa sifuri, ili kipokezi kihakikishe hakikusikia vibaya.

Dawa ilikuwa kwenye mguu wa 4 wa 555. Mguu huo ukishushwa hadi volti sifuri, chipu hunyamaza, ukipandishwa, husema. Tuliuunganisha na ubao mdogo wa Arduino unaosoma kihisi cha unyevu cha DHT22, ukawa mdomo wa saketi. Ni kweli Arduino ingeweza kutoa mtetemo wa 38,000 yenyewe na kuiacha 555 bila kazi, lakini kijana alitaka kuona kila hatua kwa mita na kwa vidole vyake, nami sikumkatalia.

Jumamosi tukapanda matatu, tukapitia Kimilili na Kiminini hadi Kitale, saketi ikiwa ndani ya kikopo cha siagi. Usiku ilifanya kazi vizuri. Asubuhi, jua lilipoingia jikoni, kipokezi kikapofuka. Dada akakitazama, akaenda uani, akarudi na kipande cha bomba la maji. "Kifiche humo," alisema. "Hata mimi jua likinipiga usoni siwaoni." Tulipaka bomba masizi kwa ndani, tukaelekeza mdomo wake kwenye kidirisha cha ghala, na kipokezi kikaona tena.

Kila baada ya dakika kumi ghala hutuma ujumbe. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 65, taa ya kijani huwaka jikoni. Ukizidi, huwaka nyekundu. Na kama ujumbe haukufika kabisa, zote mbili huzimika. Hilo la mwisho ni wazo la kijana mwenyewe. Alisema ukimya nao lazima umwambie mama kitu.

Wiki ya tatu dada alinipigia simu alfajiri. Taa nyekundu ilikuwa imewaka tangu saa tisa usiku. Hakuiamini moja kwa moja. Alichukua chupa yake, akatia mahindi na chumvi, akatikisa, akasubiri chai ichemke.

"Imeganda," akasema. Nyuma yake nikawasikia watoto wakiburuta turubai kuelekea uani.