Programu Inayotaka Kusoma SMS Zako

Linki imeingia kwa grupu ya chama: "Toleo jipya la programu ya pesa, pakua hapa upate mkopo." Aliyeituma unamjua, basi unabonyeza. Simu ya Android inakuuliza kama unaruhusu programu kutoka chanzo kisichojulikana. Simama hapo hapo. Programu yetu iko Play Store na App Store. Hatuitumi kwa WhatsApp.

Ukiruhusu, kitakachofuata ni ombi la kusoma SMS. Ile namba ya kuthibitisha akaunti huja kwa SMS, kwa hivyo anayezisoma anaweza kujaribu kuingia kwako akiwa mbali, simu ikiwa mfukoni mwako. Ikiomba pia ruhusa ya ufikivu ni mbaya zaidi, maana inaweza kuona skrini na hata kubonyeza kwa niaba yako.

Na lile kufuli dogo karibu na anwani ya tovuti? Linaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tovuti ya tapeli nayo huwa nalo.

Ulishaiweka? Zima data na Wi-Fi, iondoe, kisha tupigie kwa simu nyingine tufunge akaunti kabla hujabadilisha PIN. Mjulishe pia aliyekutumia. Pengine si yeye aliyeituma.