Dirisha Jipya kwenye Ukuta wa Zamani

Mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, iwe Temeke, Ilala au Magomeni, ina nyumba nyingi zenye vizazi vitatu vya madirisha. Chumba cha mbele kina aluminiamu inayong'aa. Cha kati kina luva, na pale vioo vilipovunjika pamezibwa kwa mbao. Chumba cha nyuma bado kina dirisha la mbao la tangu nyumba ilipojengwa. Mara nyingi mwenye nyumba hakutaka iwe hivyo. Alipanga kubadilisha yote kwa mkupuo mmoja, akatafuta fundi, wakakubaliana bei, akatoa fedha, na kazi ikaishia chumba cha mbele.

Tumezoea kuandika juu ya barabara zisizokamilika na visima visivyotoa maji, lakini kubadilisha madirisha ya nyumba moja nako ni mradi kamili. Una makadirio, una muda, una mkandarasi, na una familia inayolala ndani ya eneo la kazi. Ukikwama, mtaa mzima hutoa hukumu moja: fundi tapeli. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka mno. Matapeli wapo, sikatai. Hata hivyo, kazi nyingi zinazolala hulazwa na jinsi fedha zinavyoingia na kutoka karakanani, na mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kunaswa humo.

Tazama mambo yanavyokwenda. Fundi wa kawaida wa aluminiamu ana mashine ya kukatia, drili, meza na vijana wawili. Mtaji hana. Mteja anatoa advansi ya asilimia 60 au 70, na kwa makubaliano ndiyo inayotakiwa kununua profaili, vioo, magurudumu na loki. Siku advansi hiyo inapoingia, dirisha la mteja aliyetangulia bado halina vioo, na mteja huyo ameshafika ofisi ya serikali ya mtaa kulalamika. Fedha ya mteja mpya inanunua vioo vya yule wa zamani. Vya huyu mpya vitanunuliwa na atakayekuja baada yake. Mnyororo unakwenda vizuri ilimradi wateja wanaongezeka. Ikifika Januari, wazazi wanalipa ada na kununua sare, ujenzi unapoa, hakuna mteja mpya. Aliyekuwa wa mwisho kulipa ndiye anayebaki na tundu ukutani. Fundi hakujenga nyumba kwa fedha ile wala hakununua pikipiki. Ilishakuwa dirisha, ila kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema anayetaka biashara hii iaminike aanze na daftari kabla ya kadi za rangi na ukurasa wa Instagram. Fedha ya kila kazi isimame peke yake. Njia nyepesi kuliko zote, na nimeona inavyotuliza roho za pande zote mbili, ni mteja kulipa vifaa moja kwa moja dukani kwa lipa namba ya muuzaji, risiti ya EFD ikatoka kwa jina lake, na fundi akapokea fedha ya ufundi tu, kwa awamu. Mafundi wengine hawaipendi njia hii kwa sababu mteja anaiona bei halisi ya vifaa na faida yao inabaki wazi. Nawaelewa. Lakini faida iliyofichwa ndani ya bei ya kioo ndiyo inayomfanya mteja ahisi anaibiwa hata pale asipoibiwa. Ni heri iandikwe kwenye mstari wake: ufundi, kiasi fulani.

Makadirio nayo yawe na tarehe ya kuisha. Tangu 2023 kuna kiwanda cha vioo vya bapa Mkuranga, mkoani Pwani, kwa hiyo kioo kimesogea karibu. Profaili nyingi bado zinatoka nje, hasa China, na bei yake hupanda na dola. Mteja anayekuja Agosti na karatasi ya Machi, akadai bei ileile, hana ubaya wowote ikiwa hakuna aliyemwandikia kwamba bei ile ina mwisho.

Baada ya fedha kuna kipimo, na hapa ndipo mpango wa karatasini hukutana na ukuta. Nilimtazama fundi mmoja akipima dirisha la chumba huko Temeke, nyumba ya mama mtu mzima anayeishi na wajukuu. Alipima upana mara tatu. Juu alipata sentimita 150.2, katikati 149.6, chini 148.9. Kisha akapima kutoka pembe hadi pembe, mshazari huu na ule, na vipimo havikulingana.

“Mama, ukuta umepinda. Nikifuata kipimo cha juu, fremu haitaingia.”

“Sasa mwanangu, yule aliyekuja juzi hata kupima hakupima. Alisimama hapo mlangoni akanitajia bei.”

“Basi alikutajia bei ya dirisha asiloliona, mama.”

Alichukua kipimo kidogo kuliko vyote, akapunguza milimita chache za nafasi ya kuingizia na kunyooshea, akaandika, akamsomea mama alichoandika. Kazi ya dakika kumi kwa dirisha moja. Anayeiruka ataziba pengo la sentimita mbili kwa silikoni na kuapa kwamba ndivyo inavyofanyika. Futi nazo huzidisha tatizo. Wenye nyumba husema dirisha lao ni futi tano kwa nne, yaani sentimita 152.4 kwa 121.9. Karakanani linaandikwa 150 kwa 120 ili hesabu iwe nyepesi, na mwanya umeshazaliwa kabla profaili haijakatwa.

Kwenye nyumba mpya kosa kama hilo hufichwa na lipu ambayo bado haijapigwa. Kwenye nyumba inayokaliwa haiwezekani. Ukiing'oa fremu ya mbao kwa tindo, lipu inamomonyoka na rangi inaharibika. Kama ni fremu ya chuma, makucha yake yamezikwa ndani ya zege, itabidi grenda ipite na vumbi lake. Mara nyingi grili imeshikana na fremu ya zamani, kwa hiyo ukigusa kimoja umegusa vyote viwili. Nani atarudishia lipu? Nani atapaka rangi? Nani atachomelea grili upya? Majibu yasipokuwa kwenye makadirio, ugomvi utazuka siku ya pili ya kazi, na kila upande utakuwa na haki yake. Kuna pia sharti moja ambalo kwangu halina mjadala: dirisha la zamani lisiguswe mpaka jipya limekamilika, limefikishwa, limesimamishwa uani. Familia kulala na tundu lililofunikwa turubai ni kuialika hatari ya wezi na mbu, na hakuna msamaha wa fundi unaofuta usiku wa namna hiyo.

Vitu vidogo navyo vina uzito wake. Kioo cha milimita 5 kina kilo 12.5 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 limebeba zaidi ya kilo 22 za kioo, na uzito wote huo unatembea juu ya magurudumu ambayo mteja hatayaona kamwe. Yakiwekwa ya plastiki dhaifu, mwaka hauishi kabla dirisha halijaanza kukwaruza reli. Karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, skrubu za chuma cha kawaida zilizogusana na aluminiamu huliwa haraka na hewa ya chumvi, kwa hiyo zinatakiwa zile zisizoshika kutu. Silikoni yenye harufu ya siki haishiki vizuri kwenye saruji. Reli ya chini isipotobolewa matundu ya kutolea maji upande wa nje, mvua ya masika itajaa humo na kumwagikia kitandani.

Kuna pia jambo ambalo fundi huogopa kulisema lisije likamkosesha kazi. Luva hufunguka karibu eneo lote la dirisha, ilhali dirisha la kusukuma lenye vipande viwili hufunguka nusu tu. Kwenye joto la Februari ya Dar es Salaam, nusu hiyo inajulikana. Mteja aambiwe kabla hajatoa shilingi, apewe nafasi ya kuchagua yale ya bawaba yanayofunguka yote, au abaki na luva zake zilizokarabatiwa. Na kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, mwenye nyumba anapaswa kupata kibali cha mamlaka ya hifadhi kabla ya kugusa dirisha. Fundi anayemwambia hivyo na kukosa kazi ya siku hiyo amemwokoa mtu na hasara kubwa.

Mteja naye ana sehemu yake, na hatuisemi vya kutosha. Anayebana bei mpaka fundi anakubali kwa unyonge ndiye anayeingiza profaili nyembamba na magurudumu dhaifu nyumbani kwake, maana fedha lazima ipungue mahali. Mpango unaoonekana kwangu kuwa wa haki ni vifaa kulipwa dukani, ufundi kulipwa nusu siku ya kuanza, sehemu kubwa ya iliyobaki siku ya kumaliza, na kiasi kidogo kubakizwa mpaka mvua ya kwanza kubwa ipige ukuta huo. Fundi asiye na akiba hukiona kiasi hicho kama adhabu, na ana sababu, kwa kuwa wapo wateja ambao mvua hunyesha, chumba hubaki kikavu, na fedha haitoki. Kwa hiyo tarehe ya kuilipa iandikwe kwenye karatasi ileile yenye vipimo na bei, na mteja aisaini kama fundi alivyosaini.